Mikono Ionekane

"Mwanakombo, hivi huyu mpangaji wako, mtu mzima na ndevu zake, kwa nini havuki kizingiti mpaka ampigie simu mama yake?"

Swali hilo Zulmira alilirusha juu ya ua wa makuti msimu wa korosho uliopita, mikono imegandwa na unga wa muhogo. Zulmira ni jirani wa ubavuni. Wazee wake walivuka Ruvuma kutoka Msumbiji zamani, yeye akazaliwa papa hapa Mtawanya, na ulimi wake haujawahi kulala njaa. Siku ile Bi Mwanakombo alicheka, akamjibu, "Mwache mwana wa watu. Wangapi wana simu na hawana mama?"

Maneno yakaishia hapo.

Leo swali lilimrudia Bi Mwanakombo akiwa bado juu ya msala, hajaikunja hata kanga ya swala, kwa kuwa Nasra, bintiye, alikuwa amesimama mlangoni kaishika simu kwa ncha za vidole kama mtu aliyeokota kaa la moto.

"Mama," Nasra alisema kwa sauti ya chini. "Dada yake Katisi kanipigia sasa hivi. Mama yao hatunaye."

"Inna lillahi wa inna ilaihi rajiun. Lini?"

"Usiku huu wa kwetu. Moyo. Wamempigia mwenyewe, hapatikani."

Angepatikanaje? Umeme ulikatika tangu jana, na simu yake ililala kwa Zulmira mwenye sola, pamoja na simu za nusu ya mtaa.

"Na maziko?"

"Jumamosi. Marehemu aliacha wasia asikawizwe, hataki kulazwa kwenye barafu wiki nzima kama wenzake wa huko. Dada mtu anasema Katisi akipanda ndege ya leo ya alasiri, akaunga Dar usiku, atawahi. Akilala hapa leo, basi tena."

"Wewe umemwambiaje?"

"Nimemwambia asimpigie tena. Tutamwambia sisi, vizuri, akiwa ameketi. Alilia, halafu akashukuru."

Bi Mwanakombo alitikisa kichwa taratibu. Binti alikuwa amelelewa.

Katisi lilikuwa jina la Kimarekani, Mtawanya wakalilainisha walivyoweza. Alikuwa mtu mweusi kama wao, mrefu, fundi wa kuchomelea vyuma. Alikuja Mtwara na kampuni ya mabomba. Kampuni ilipofunga virago yeye akabaki, akifundisha vijana kuchomelea kwenye chuo kimoja kidogo kwenye barabara ya Naliendele. Alipanga chumba cha uani kwa Bi Mwanakombo. Kwao kulikuwa Alabama, ambako mama yake, Mama Loreta, alifua mashuka ya hospitali miaka yote, akalea watoto watatu bila mume, mpaka vidole vikapinda.

Wale wanawake wawili walijuana kwa simu ya Nasra. Hakuna aliyejua lugha ya mwenzake. Siku ya kwanza Mama Loreta aliinua sufuria lake mbele ya kioo cha simu aonyeshe anachopika, na Bi Mwanakombo akapiga ukelele, "Bamia!" Akakimbilia jikoni, akarudi na bamia zake kwenye ungo. Walicheka mpaka machozi, huyu huku na yule kule, kila mmoja kashika bamia lake juu kama mshumaa. Katisi alipotafsiri umri wao, ikaonekana Mama Loreta ndiye mkubwa. Tangu siku ile Katisi akamwita Bi Mwanakombo mama mdogo. Yeye alidhani ni jina la heshima tu. Bi Mwanakombo alijua uzito wake. Mama mdogo ndiye mama, siku mama asipokuwepo.

Na siku yenyewe ndiyo hii.

Kwa watu wa Bi Mwanakombo mtu haambiwi msiba amesimama. Haambiwi njiani, haambiwi akiwa na njaa, haambiwi na mgeni. Huitwa kwa jina la ugonjwa: fulani kazidiwa, anakutaka. Hurudishwa nyumbani, akaketishwa, akalishwa, wazee wakakaa kushoto na kulia kwake, ndipo neno likatolewa, na mikono ya watu iko tayari kumdaka. Bi Mwanakombo aliijua faida yake kwa kuikosa. Mumewe alikuwa mpakiaji bandarini. Siku gunia la korosho lilipomshukia kifuani, dereva mmoja wa pikipiki alimpita Bi Mwanakombo bombani akapiga kelele bila kupunguza mwendo, "Mama, pole, mumeo kafa!" Alikuwa na ndoo kichwani. Alianguka na ndoo, na tangu siku hiyo kiuno hakijakaa sawa. Aliapa mbele ya Mungu kwamba wa kwake hatalipata neno kama lile akiwa wima.

Kwa hiyo kabla jua halijapanda mipango ilikuwa tayari. Mzee Athumani, mjomba wake Bi Mwanakombo, mwenye sauti ya kutolea habari nzito, angefika baada ya adhuhuri na watu wawili wa msikitini na mwalimu mmoja wa pale chuoni. Zulmira angepika. Katisi angeambiwa, angelia, angeshikwa, kisha wangempeleka uwanja wa ndege. Kilichobaki ni pasi yake ya kusafiria, iliyokuwa kwenye ofisi ya vibali tangu mwezi uliopita ikisubiri muhuri. Hiyo ifuatwe kwanza, asubuhi hii.

Bi Mwanakombo alipita kwa Zulmira akaichukua ile simu.

"Imejaa," Zulmira alisema. Macho yalikuwa mekundu. Nasra alikwisha mwambia. "Nimeizima. Ilikuwa inatetemeka kama kifaranga."

Bi Mwanakombo aliifunga kwenye kitambaa, akaiweka chini kabisa ya kikapu, chini ya kanga ya akiba. Alimwomba Mungu msamaha kwa uongo aliokuwa anakwenda kuusema, akaona si uongo, ni kuchelewesha ukweli.

Katisi aliamka akakuta ming'oko, vile viazi vya porini, imechemshwa na chai imemiminwa.

"Mama mdogo, leo sikukuu?"

"Keti ule. Dada yako kapiga kwa Nasra. Mama kazidiwa. Anakutaka uende leo leo."

Kijiko kilibaki hewani. "Kazidiwa... ni mgonjwa sana?"

"Sana. Kula."

"Simu yangu iko wapi? Nataka kuongea na yeye."

"Iko chaji kwa Zulmira. Yuko hospitali mama yako, hataongea. Tufuate pasi kwanza, ukirudi utaikuta."

Alikula ming'oko miwili bila kumenya vizuri. Akaingiza nguo kwenye begi. Mlangoni akasimama kama anavyosimama kila siku, mguu mmoja ndani na mmoja nje, mkono ukatafuta simu kwenye mfuko wa shati, ukakuta hakuna.

"Nampigia mama kila nikitoka," alisema. "Kila siku. Hata wakati wa malaria."

"Leo Mungu anajua umetoka."

Alimtazama. Bi Mwanakombo alijifanya anafunga kufuli. Alingoja aulizwe simu mara ya pili, na alijua akiulizwa mara ya pili hataweza kuificha. Katisi hakuuliza. Alivuka kizingiti, akaenda kusimamisha bajaji. Labda naye, pale ndani ya moyo wake, hakutaka kuipata.

Barabara ya bandarini ilikuwa imejaa malori ya korosho yaliyopanga foleni tangu juzi, madereva wamelala chini ya injini zao. Bajaji ilipenya pembeni kwenye vumbi. Dereva alipandisha nauli kwa sababu ya mafuta, Bi Mwanakombo akamtazama tu, dereva akaishusha mwenyewe. Mbele kidogo trafiki aliwanyoshea mkono. Kabla bajaji haijasimama sawasawa Katisi alikwisha weka viganja vyake viwili juu ya chuma cha kiti cha mbele, vidole vimetanuliwa, akatulia kama sanamu.

Alikuwa hivyo siku zote mbele ya sare. Hata mbele ya mgambo wa soko. Mwanzo Bi Mwanakombo alidhani ni ugonjwa. Alipomuuliza, wakiwa wanachambua mchele uani, Katisi alimweleza. Kwao, alisema, mama mwenye mtoto wa kiume mweusi humfundisha mambo hayo kabla hajaota ndevu. Mama Loreta alikuwa anamketisha kwenye kiti cha jikoni, sinia mkononi ndiyo usukani, na yeye mwenyewe akawa polisi, mwiko ndiyo tochi. "Mikono ionekane," alikuwa anasema. "Usijibu kwa hasira. Usitie mkono mfukoni, hata akikuomba karatasi, mpaka umwambie unatia. Ukitoka unipigie. Ukifika unipigie." Walicheza mchezo huo mara nyingi, mpaka mtoto akawa anaweka mikono juu ya meza hata akiitwa kula. Kaka yake mkubwa naye alifundishwa. Usiku mmoja aliharakisha kutoa leseni, mkono ukatangulia mfukoni kabla ya maneno. Hakurudi.

"Mama alisema nije huku," Katisi alimaliza. "Alisema, nenda mahali ambapo nitalala usingizi."

"Na sasa analala?"

"Hapana. Sasa ana wasiwasi na mamba."

Walicheka. Lakini Bi Mwanakombo hakusahau yale ya sinia na mwiko. Sasa trafiki alichungulia ndani ya bajaji, akawapungia wapite.

Ofisi ya vibali ilikuwa na kaunta ndefu ya mbao na benchi moja ukutani. Palikuwa na watu kabla yao: mama mmoja mwenye mtoto mgongoni, na mfanyabiashara wa samaki wakavu aitwaye Valdemar, ambaye alikuwa akifuatilia kibali cha kuvukia Ruvuma na alikwisha zoea benchi hilo kiasi cha kuja na mto wa kukalia. Nyuma ya kaunta alikaa afande Rajabu. Alikuwa kijana, shati limemloa kwapani, anajipepea kwa jalada la faili. Feni ilikuwa imelala.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Tumefuata pasi ya huyu mwanangu."

Afande alimtazama Katisi kuanzia juu mpaka chini. "Mwanao huyu? Hongera. Ulimzalia wapi, Ulaya?"

Valdemar alicheka kidogo, akaacha.

Katisi alisogea kaunta, akaweka viganja vyake juu ya mbao. "Habari za asubuhi, afande. Mimi naomba pasi yangu, tafadhali. Mama yangu mgonjwa sana. Ndege ni leo, alasiri."

"Mtandao hakuna. Umeme hakuna. Muhuri haupigwi kwa kupuliza."

"Bila muhuri ni sawa. Pasi tu."

"Ahaa! Usafiri bila muhuri, ukikamatwa Dar useme Mtwara wamekupa?" Afande alijipepea. "Tena pasi zimefungiwa kwa mkuu. Funguo anayo mkuu. Mkuu yuko kwenye semina. Keti."

Katisi hakuondoka upesi. Alikuwa anatafuta maneno ya Kiswahili. Afande akatazama ile mikono.

"Bi mkubwa, mwambie mgeni wako aniondolee mikono mezani. Hapa siyo kwa mganga wa kusoma viganja."

Katisi aliiinua haraka, akabaki nayo usawa wa kifua, viganja wazi.

"Sasa unajisalimisha kwa nani?" afande alisema, na safari hii benchi zima likacheka, hata mtoto mgongoni.

Bi Mwanakombo hakucheka. Alimvuta mwanawe kwa ukosi wa shati, akamketisha.

Wakakaa. Jua likapita dirisha moja likaingia la pili. Afande alikula machungwa, akapanga maganda kwenye ukingo wa kaunta, akapokea simu ya mtu aliyemuuzia pikipiki mbovu, akamgombeza kwa Kimakonde na kwa Kiswahili. Mkuu hakuja. Kila mlango ulipolia Katisi aliinuka nusu. Alianza kuongea, si na Bi Mwanakombo hasa, aliongea tu. Akasema mama yake huwa anaimba anapofua. Akasema aliwahi kumtumia picha ya mkorosho, mama akaibandika kwenye friji, akawaambia watu wa kanisani kwamba mwanawe analima miti ya dhahabu.

"Nikifika," alisema, "nitamletea korosho. Madaktari watakataa. Yeye atakula."

Bi Mwanakombo alishika tasbihi ndani ya kanga, vidole vikatembea, midomo imefumbwa. Kikapu kilikuwa miguuni pake. Alihisi kama kina mtu ndani.

Alipoona jua limesimama utosini aliinuka, akaenda kaunta peke yake.

"Baba, huyo mkuu hapigiwi simu?"

"Mkuu hapigiwi simu na mimi, mama. Mimi ndiye ninayepigiwa." Halafu akalegeza sauti, maana hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu aliyechoka na kiti chake. "Sikiliza, bi mkubwa. Nisikufiche. Wagonjwa wapo kila siku. Kila anayekaa benchi lile ana mgonjwa. Ingekuwa msiba, hapo kuna utaratibu. Ya msiba ningethubutu kumtoa mkuu semina, angetuma funguo kwa bodaboda, anagongewa muhuri wa dharura, anaondoka. Lakini kuugua? Hapana."

Neno lililokuwa linahitajika Bi Mwanakombo alikuwa nalo mdomoni tangu alfajiri. Aligeuka akamtazama Katisi, aliyekuwa ameinama, viganja juu ya magoti, vidole vimetanuliwa. Kulisema hapa? Mbele ya maganda ya machungwa, hajala tangu ming'oko miwili, hakuna wa kumdaka ila mwanamke mwenye kiuno kibovu?

Alitoka nje, chini ya kivuli cha ukuta, akampigia mjomba kwa simu yake ndogo ya vitufe.

"Mjomba, wanataka msiba ndiyo watoe pasi."

Ilisikika sauti ya mtu anatawadha. "Mwite askari pembeni," Mzee Athumani alisema. "Mwambie yeye. Mtoto asisikie. Askari naye ni mwana wa mtu, atasitiri."

Mwana wa mtu. Bi Mwanakombo alijifunga neno hilo kama mkanda. Muadhini alikuwa anaanza alipoingia tena. Alimzunguka afande kwenye ncha ya kaunta, mbali na benchi, akainama mpaka ushungi wake ukakaribia kugusa bega la sare.

"Baba, nakuomba jambo, ulipokee kama mwanangu. Mama wa huyu kijana kafariki. Usiku wa jana. Hatujamwambia. Nyumbani wazee wanamsubiri wamwambie kwa utaratibu wetu. Nisitiri, mpigie mkuu wako, umwambie ni msiba."

Afande aliacha kujipepea. Kwa muda mfupi sana uso wake ulikuwa uso wa kijana wa mtaani, mwenye mama. Bi Mwanakombo aliuona. Baadaye alikuwa akiapa kwamba aliuona.

Halafu kile kiti kikamrudisha.

"Asubuhi mlisema mgonjwa."

"Asubuhi nilisema hivyo kwa ajili yake."

"Na sasa amekufa, baada ya mimi kusema ukiwa msiba pasi inatoka." Alitikisa kichwa taratibu. "Mama, hapa watu wanaua mama zao kila wiki. Kuna mmoja mwaka huu kafiwa na mama mara mbili. Nikimtoa mkuu semina, aje akute ni uongo, kazi yangu unanilipia wewe? Cheti kiko wapi?"

"Cheti kitoke Marekani usiku mmoja?"

"Basi shahidi."

"Mimi ni shahidi! Na Mungu."

"Shahidi ni mwenye mama." Akanyoosha shingo.

"Baba, usi—"

"Mwalimu!" afande aliita, kwa sauti ileile aliyomgombeza nayo muuza pikipiki. "Wewe, mwalimu! Njoo hapa. Huyu mama anasema mama yako amefariki jana usiku. Wewe umeniambia mgonjwa. Sasa niandike lipi, mgonjwa au marehemu?"

Katisi alikuwa amekwisha simama alipoitwa. Alikuwa katikati ya chumba, wima, hajashika kitu.

Valdemar alitoa mto wake chini yake akaukumbatia. Mama mwenye mtoto alisema kwa sauti nyembamba, "Astaghfirullah, afande. Astaghfirullah."

Bi Mwanakombo alikwenda. Kiuno kilimvuta, akakikataa, akafika, akamshika mkono wa juu, pale unapomshika mtu anayeanguka. Katisi hakuanguka. Ingekuwa afadhali angeanguka.

"Mama mdogo?"

Bi Mwanakombo alimkaza ule mkono.

"Mama mdogo. Ni kweli?"

"Ni kweli, mwanangu."

"Ulijua lini?"

"Alfajiri."

Aliliwaza neno hilo. Alirudi nalo nyuma, ming'oko, begi, kizingiti, kila kituo cha siku hii alikuwa anakipitia tena na Bi Mwanakombo alimwona akikipitia.

"Simu yangu," alisema.

Bi Mwanakombo alipiga magoti kwenye sakafu ya ofisi. Alitoa kanga ya akiba, akatoa kitambaa, akafungua fundo, na vidole vyake vilivyofunga mafundo maisha yake yote vilishindwa na fundo lile mpaka akalifungua kwa meno. Akamkabidhi. Katisi aliiwasha. Ilikuwa imejaa chaji. Kioo kikawaka, ujumbe ukaanza kuingia juu ya ujumbe, simu ikatetemeka kiganjani mwake bila kukoma.

"Nilitaka uketi," Bi Mwanakombo alisema. "Nilitaka ule kwanza. Wazee wako nyumbani. Kwetu mtu haambiwi amesimama, mwanangu. Haambiwi amesimama."

Afande Rajabu alikuwa wima. Alikusanya maganda ya machungwa kwa mikono yote miwili, akakosa pa kuyatupa, akayarudisha palepale.

"Mwalimu, pole," alisema. "Pole sana. Mimi sikujua kama hujui. Niliona... Ngoja, nampigia mkuu. Sasa hivi nampigia."

Alipiga. Watu wote chumbani walisikia simu ikiita upande wa pili, ikaita, ikakatika. Akapiga tena. Safari hii sauti ya mwanamke wa mtandao ilisema namba hiyo haipatikani. Afande aliitazama simu yake kama imemtukana.

"Labda yuko ndani ya kikao," alisema. "Wakiingia wanazima. Ndiyo maagizo." Akaiweka simu chini. "Kesho. Kesho asubuhi mapema uje moja kwa moja kwangu, usikae benchi. Kwa kuwa ni msiba. Nitakutangulizia jina."

"Jumamosi wanazika," Bi Mwanakombo alisema kutoka sakafuni. "Leo ndiyo siku. Kesho haina kazi, baba. Kesho ni yako."

Nje, upande wa bahari, ndege ya kutoka Dar ilisikika ikishuka, ile itakayogeuza alasiri. Haikuwapo haja ya mtu kusema ni nini. Mtwara nzima huijua sauti hiyo. Ilipita juu ya paa la bati, vikombe vikalia kwenye kabati, ikaelekea uwanjani.

Katisi alisogea kaunta. Aliweka simu juu ya mbao. Kwa mazoea viganja vyake vikafuata, kimoja kulia, kimoja kushoto, vidole vimetanuliwa. Afande safari hii hakusema viondolewe. Alivitazama, akaangalia pembeni.

Simu ikaanza kuita. Kwenye kioo palikuwa na picha ya mwanamke kijana, dada yake, na nyuma ya bega lake friji yenye picha ya mkorosho.

Bi Mwanakombo alijikokota akavuta benchi, mama mwenye mtoto akamsaidia, wakalisogeza mpaka nyuma ya magoti ya Katisi. Valdemar akaweka mto wake juu yake.

"Keti," Bi Mwanakombo alimsihi. "Keti, mwanangu. Keti hata hapa."

Katisi alitazama mikono yake juu ya kaunta kama vitu vya mtu mwingine alivyopewa avitunze, na mwenyewe sasa hatavifuata. Kisha akaiondoa. Mbele ya mtu mwenye sare, bila kuomba ruhusa, bila kusema anachofanya, akaitia mifukoni yote miwili, taratibu, mpaka viganja vikapotea. Bi Mwanakombo aliona, akawa nusura apige kelele, kana kwamba yeye ndiye Mama Loreta na mwiko uko mkononi.

Simu iliendelea kuita juu ya mbao. Katisi alilizunguka benchi, akapita mbele ya mama yake mdogo aliyekuwa amemnyoshea mikono, akavuka kizingiti bila kusimama, mikono imo mifukoni, akaenda zake.